Namna ya kurekebisha mfumo wa kupima majengo ya kijani ufae maghorofa marefu ya mahali ulipo

Maswali yanayorudi kila mara ni matatu. Tuanze na LEED ya Marekani au BREEAM ya Uingereza, mifumo inayoyapa majengo alama kwa kuokoa nishati, maji na vifaa? Uzito wa alama tuubadilishe kiasi gani? Na jengo la ghorofa 40 lipimwe kwa fomu ileile ya jengo la ghorofa 4? Majibu mafupi: anza na mfumo wowote uliokomaa, suala la uzito liache karibu na mwisho, na hapana, fomu ileile haitoshi. Majibu marefu yanafuata.

Kwanza tuondoe kosa moja linaloharibu kazi nyingi mapema. Watu wengi hudhani kurekebisha mfumo ni kugawa alama upya. LEED v4 (toleo la nne) ya majengo mapya huipa sehemu ya maji alama 11 kati ya 110. Mfumo wa Pearl wa Abu Dhabi, uliotoka 2010, umeipa maji alama 43 kati ya 177, ukiacha zile 3 za ubunifu. Tofauti hiyo ina mantiki kwa nchi ya jangwa. Lakini tuseme unaongeza uzito wa maji huku kipimo chako cha kulinganishia kikibaki bomba la sinki la lita 8.3 kwa dakika, la kanuni za Marekani, wakati mabomba yanayouzwa kwenye soko lako ni ya lita 6. Hapo kila mradi utapata alama za maji bila kufanya lolote. Ukizidisha uzito mara mbili, umeizidisha zawadi mara mbili.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Mwongozo kamili wa kiufundi wa mfumo mmoja wa msingi, pamoja na mingine miwili ya kulinganishia. Kipeperushi cha alama hakitoshi.
- Ruhusa ya mwenye mfumo. Mifumo hii ina wamiliki. Green Star, mfumo mwingine wa aina hii, ya Afrika Kusini ilijengwa juu ya ile ya Australia, na Uholanzi na Norwei zina matoleo yao ya BREEAM yanayosimamiwa huko huko kwa makubaliano na mwenye mfumo.
- Bili za umeme, maji na dizeli za miezi 12 mfululizo kutoka majengo marefu yasiyopungua 10, na eneo la kila jengo likiwa limetenganishwa: ofisi, makazi, maegesho, ghorofa za mitambo.
- Faili ya hali ya hewa ya saa zote 8,760 za mwaka.
- Kiasi cha kaboni kwa kila kWh ya gridi, na makadirio ya saa ambazo jenereta hufanya kazi kwa mwaka.
- Kanuni za ujenzi, za zimamoto na za mipango miji zinazotumika sasa.
- Programu ya kuiga matumizi ya nishati (EnergyPlus ni ya bure) na jedwali la kawaida la kompyuta.
- Jopo la watu 12 hadi 20. Hakikisha ndani yake yumo mhandisi wa lifti, mtu wa zimamoto na angalau wasimamizi wawili wa majengo yanayotumika. Jopo la wasanifu watupu litakupa mfumo wa kusifia michoro.

Hatua ya 1: Amua jengo refu ni lipi

Baraza la Majengo Marefu, CTBUH, hutumia ghorofa 14 au mita 50 kama mahali pa kuanzia, mita 300 kwa majengo marefu sana na mita 600 kwa yale ya kupindukia. Mipaka miwili ya mwisho huenda usiihitaji kabisa. Gawa majengo yaliyopo katika makundi yanayobadilisha uhandisi wenyewe, kwa mfano mita 50–100, 100–200 na zaidi ya 200. Andika pia namna ya kushughulikia jengo lenye matumizi mchanganyiko. Usipoandika sasa, utabishana na kila mwombaji.

Hatua ya 2: Chagua mfumo wa msingi

LEED na BREEAM zina nyaraka nyingi na wataalamu wengi wanaozijua. SBTool ilibuniwa tangu mwanzo ili kila mahali paweke uzito na vipimo vyake, kwa hiyo ni mifupa mizuri kama timu yako ina uwezo wa kuijazia nyama. CASBEE ya Japani hugawa ubora wa jengo kwa mzigo linaoutupia mazingira, hivyo starehe ya ndani haiwezi kuficha ulaji mkubwa wa umeme. EDGE ya IFC, tawi la Benki ya Dunia, ni nyepesi: akiba ya asilimia 20 katika nishati, maji na nishati au kaboni (kutegemea toleo) ya kutengeneza vifaa. Kwa maghorofa marefu peke yake EDGE ni nyembamba, ila ni mwanzo mzuri pale ambapo takwimu ni chache.

Usichanganye vipande vya mifumo mitano. Kila kigezo kimeandikwa kikitegemea fasili za mfumo wake, na ukikihamisha peke yake fasili hizo zinabaki nyuma.

Hatua ya 3: Pima hali ilivyo

Kwa kila jengo kwenye sampuli yako tafuta: kWh kwa mita ya mraba kwa mwaka, lita kwa mtu kwa siku, na lita za dizeli. Gawanya kwa eneo linalotumiwa na watu, si eneo lote la sakafu. Jengo lenye ghorofa sita za maegesho litaonekana la kijani kwa sababu tu maegesho hayana viyoyozi.

Dizeli isisahauliwe. Jenereta ikitumia lita 0.3 kwa kila kWh, na lita moja ikitoa kilo 2.68 za kaboni dioksidi, unapata karibu kilo 0.8 kwa kWh. Mahali penye gridi safi lakini umeme wa kukatika, jenereta inaweza kuwa ndiyo sehemu kubwa ya kaboni ya jengo, na mifumo mingi iliyoandikwa kwa miji ya umeme wa uhakika haiigusi kabisa.

Faili ya hali ya hewa nayo ina mtego. Mara nyingi imepimwa kwenye uwanja wa ndege, upepo ukiwa umechukuliwa mita 10 juu ya ardhi. Ukitumia kanuni ya kipeo ya 0.22, upepo wa mita 150 juu ni karibu mara 1.8 ya ule. Joto nalo hupungua takriban nyuzi 0.65 kwa kila mita 100. Iga angalau ghorofa tatu tofauti: ya chini, ya kati na ya juu.

Hatua ya 4: Pitisha kila kigezo kwenye maswali manne

1. Tatizo linalolengwa na kigezo hiki lipo hapa?
2. Sheria ya hapa tayari inalidai?
3. Vifaa, mafundi na maabara za kukithibitisha zinapatikana?
4. Kwenye jengo refu bado kina maana?

Majibu yatakupa marundo matano: vya kuchukua kama vilivyo, vya kurekebisha kizingiti (kiwango cha kupatia alama), vya kubadilisha njia ya kupima, vya kufuta, na mapengo ya kujaza. Andika sababu ya kila uamuzi kwa sentensi moja kwenye jedwali. Baada ya miaka miwili hakuna atakayekumbuka kwa nini kigezo fulani kilifutwa.

Mifano michache. Kigezo cha vifaa vya karibu kwa kipimo cha kilomita hakifanyi kazi vizuri kwa vioo vya ukuta wa nje na chuma cha miundo, maana viwanda vyake ni vichache. Badala ya duara kwenye ramani, hesabu kaboni ya safari kwa aina ya usafiri, kwa sababu meli hubeba tani kwa kaboni ndogo kuliko lori. Kigezo cha paa jeupe hupoteza nguvu pale paa likiwa sehemu moja ya arobaini ya eneo la sakafu. Kihamishie kwenye paa la jukwaa la chini (sehemu pana iliyo chini ya mnara) na kwenye kuta. Alama za kuwa karibu na usafiri wa umma, ambazo ndani ya sehemu ya LEED v4 yenye alama 16 huwa rahisi kwa jengo la katikati ya mji, zipunguze au zifungamanishe na idadi ya maegesho: anayetaka alama za basi asijenge nafasi za magari kama vile basi halipo.

Starehe ya joto iangalie kwa makini. Kigezo kinacholazimisha nyuzi 24 mwaka mzima hulazimisha viyoyozi. Kwa majengo yanayopitisha hewa kwa madirisha, ASHRAE 55, kiwango cha chama cha wahandisi wa viyoyozi cha Marekani, ina njia nyingine: joto la starehe ni 0.31 mara wastani wa joto la nje, ongeza 17.8. Nje ikiwa na wastani wa 27, unapata karibu 26.2. Njia hiyo ina mipaka yake (wastani wa nje kati ya 10 na 33.5), na kwenye ghorofa za juu upepo unaweza kufanya madirisha yasifunguke salama. Basi ruhusu jengo moja lipimwe kwa njia mbili, chini madirisha na juu mitambo.

Hatua ya 5: Jaza mapengo ya urefu

Hapa ndipo kazi halisi ilipo.

*Lifti.* ISO 25745-2, kiwango cha kimataifa cha umeme wa lifti, huzipanga lifti kwa madaraja A (bora) hadi G. Dai daraja, dai mita ya umeme ya lifti peke yake, na toa alama kwa mashine zinazorudisha umeme zikifunga breki. Angalia pia umeme unaoliwa lifti ikiwa imesimama. Kwenye jengo lenye watu wachache usiku ni mwingi kuliko wengi wanavyodhani.

*Presha ya maji.* Kila mita 10 za kwenda chini huongeza karibu bari 1. Jengo la mita 150 linalolishwa na tangi moja la juu lina bari 15 kwenye sakafu ya chini, kwa hiyo lazima ligawanywe kanda na kuwekewa vali za kupunguza presha. Maji yanayopita kwenye bomba huongezeka kwa kipeuo cha pili cha presha: bomba lililopimwa kwa bari 3 likikaa kwenye bari 6 hutoa asilimia 41 zaidi. Hivyo cheti cha kiwandani pekee hakithibitishi kitu. Dai kipimo cha lita kwa dakika kwenye bomba la chini kabisa la kila kanda.

*Hewa inayopanda na kushuka ndani.* Shimo la lifti hufanya kazi kama bomba la moshi. Kwa jengo la mita 200, nje ikiwa nyuzi 0 na ndani 21, tofauti ya presha kati ya ndani na nje hufikia takriban paskali 90 kwenye sakafu ya chini, na kiasi hichohicho juu kabisa. Nje ikiwa 35 na ndani 24, ni kama 40 tu, na mwelekeo unageuka: hewa ya baridi inashuka na kutokea milangoni. Kwenye baridi kali, kipimo cha kuvuja hewa na milango ya kuzunguka kiwe sharti la lazima. Kwenye joto weka alama ndogo, uipe nguvu unyevu unaoingia juu.

*Ukuta wa nje.* Ndiyo sehemu kubwa kuliko zote inayopigwa na jua. Usikubali akiba ya asilimia peke yake. Katika kanuni za nishati za ASHRAE 90.1 jengo la kulinganishia halizidishi madirisha ya asilimia 40 ya ukuta, lakini mbuni mwenye vioo asilimia 70 bado anaweza kufidia kwa taa na mashine bora. Weka kikomo cha joto la jua linaloingia kwa kila mita ya mraba ya ukuta, kwa kila upande wa jengo.

*Sola na maji ya mvua.* Piga hesabu kabla ya kunakili kizingiti. Jengo la ghorofa 40, kila moja mita za mraba 1,000. Paa likiacha nusu kwa mitambo, zinabaki mita 500, yaani karibu kW 100 za paneli. Kwa kWh 1,400 kwa kila kW kwa mwaka, unapata kWh 140,000. Jengo likitumia kWh 150 kwa mita ya mraba, mahitaji ni kWh 6,000,000. Sola ni asilimia 2.3. Kizingiti cha asilimia 5 kwenye paa hakifikiki, na anayekifikia amenunua karatasi, yaani vyeti vya umeme safi wa kwingine. Pima badala yake kiasi cha paa na ukuta kilichotumika kati ya kile kinachofaa. Maji ya mvua yapitishe kwenye hesabu hiyohiyo. Kwenye hewa yenye unyevu mwingi, maji yanayodondoka kwenye viyoyozi pamoja na ya mabafuni na masinki yaliyosafishwa mara nyingi yana faida zaidi.

*Upepo wa barabarani na kivuli.* Jengo refu huvuta upepo wa juu na kuuteremsha kwa waenda kwa miguu. Dai jaribio la handaki la upepo au uigaji wa kompyuta, likipimwa kwa vigezo vya Lawson vya starehe na usalama wa watembeao kwenye upepo, na pamoja nalo ramani ya kivuli kwa majirani.

*Miundo.* Mhandisi wa maghorofa Fazlur Khan alionyesha kwamba chuma kwa kila mita ya mraba huongezeka kadiri jengo linavyopanda, kwa sababu ya nguvu za upepo. Pima kaboni ya zege, nondo na chuma kwa hatua za EN 15978, kiwango cha Ulaya, angalau A1 hadi A5 (tangu malighafi hadi ujenzi kukamilika), na linganisha ndani ya kundi la urefu. Lakini chapisha pia namba ghafi. Ukilinganisha makundi peke yake utaficha gharama ya urefu wenyewe, na huo ni ukweli ambao mteja anastahili kuuona mapema.

*Moto.* Kigezo chochote cha kuhifadhi joto ukutani kisitoe alama kwa vifaa vinavyowaka. Moto wa Grenfell Tower, London, 2017, ulisambaa kupitia ukuta wa nje uliokuwa umekarabatiwa.

Hatua ya 6: Weka vizingiti

Panga majengo ya sampuli kuanzia linalokula kidogo hadi linalokula sana. Jengo la katikati liwe sifuri ya alama. Kiwango cha asilimia 10 bora kiwe alama karibu kamili. Juu yake acha nafasi ya miradi ambayo bado haijajengwa, ambayo uigaji unaonyesha inawezekana. Tumia namba halisi, kWh na lita, kila unapoweza. Asilimia za akiba dhidi ya jengo la kubuni zibaki kwa majengo yasiyo na mfano.

Hatua ya 7: Sasa uzito

Tumia ulinganisho wa jozi, njia ya AHP ya Thomas Saaty. Kila mjumbe anajibu: nishati ni muhimu mara ngapi kuliko maji? Tuseme nishati ni 2 dhidi ya maji, 4 dhidi ya vifaa, na maji ni 3 dhidi ya vifaa. Yaweke kwenye jedwali la safu tatu, kinyume chake kikiwa sehemu (maji dhidi ya nishati ni 1/2), kisha zidisha kila safu na utafute kipeuo cha tatu: nishati 2.00, maji 1.14, vifaa 0.44. Gawa kila moja kwa jumla yake, 3.58. Uzito ni takriban 0.56, 0.32 na 0.12. Uwiano wa uthabiti hapa ni karibu 0.02, kikomo ni 0.10. Ukizidi hapo, mjumbe anajipinga mwenyewe na inabidi ajibu tena.

Linganisha sehemu, usilinganishe vigezo vyote kwa pamoja. Sehemu 7 ni jozi 21, mtu anamaliza. Vigezo 30 ni jozi 435, na baada ya ya hamsini kila mtu anabofya tu. Vigezo vilinganishe ndani ya sehemu yake.

Fanya raundi mbili au tatu, majibu yakiwa siri, na kati ya raundi waonyeshe wajumbe matokeo ya kundi. Mjumbe anayeuza vioo asipigie kura sehemu ya ukuta.

Hatua ya 8: Masharti ya lazima

Kila sehemu iwe na alama za chini kabisa. Bila hivyo mbuni atakusanya za bei rahisi, vibanda vya baiskeli na mabango ya elimu, na kuikwepa nishati. Mita za umeme na maji kwa kila mpangaji, kwa lifti na kwa pampu ziwe sharti la lazima, si alama.

Hatua ya 9: Jaribu kwa majengo yaliyokwisha kujengwa

Chukua matano hadi manane, yapime, kisha linganisha mpangilio wa alama na bili zake. Badilisha kila uzito kwa asilimia 10 juu na chini. Jengo likibadilisha daraja (ngazi ya cheti) kwa mabadiliko hayo madogo, mipaka ya madaraja iko mahali pabaya. Mpe mtu wa pili majengo hayohayo ayapime bila kuona majibu ya kwanza.

Mambo yakienda mrama

*Majengo yote yanaangukia daraja moja.* Tafuta vigezo ambavyo kila jengo limevipata na vile ambavyo hakuna lililovipata. Vyote viwili havitenganishi kitu. Vya kwanza vifanye sharti au vifute, vya pili rudi hatua ya 6.

*Jengo lenye alama nyingi lina bili kubwa.* Kagua mara mbili eneo la kugawanyia, kisha saa za matumizi. Seva na saa za usiku za wapangaji ndizo wahusika wa kawaida. Kama hesabu ni sawa, gawa cheti sehemu mbili: cha michoro, na cha kudumu kinachotolewa baada ya miezi 12 ya bili huku jengo likiwa na wakaaji wa kutosha.

*Wapimaji wawili, majibu mawili.* Kosa liko kwenye maneno. Futa "ipasavyo", "ya kutosha" na "inapowezekana". Andika kipimo, kifaa cha kupimia, mahali pa kupimia na karatasi inayokubalika kama ushahidi.

*Takwimu hazipatikani.* Anza na majengo matano na vizingiti vya muda vyenye tarehe ya mwisho, na ufanye utoaji wa bili kuwa sharti la cheti. Kila mradi utakaopita utaongeza safu kwenye jedwali la toleo linalofuata.

*Kigezo kinagongana na kanuni za zimamoto.* Kanuni inashinda, bila mjadala. Kifute kigezo kwa aina hiyo ya jengo na ugawe alama zake ndani ya sehemu ileile, usizipeleke kwingine, maana ukizihamisha uzito wote wa hatua ya 7 unaanza upya.